Soma Ubao wa Matangazo wa Kijiji Chako



Karibu na mlango wa ofisi ya kijiji kuna ubao. Juu ya ubao huo zimebandikwa karatasi. Nyingine ni mpya, nyingine zimefifia kwa jua. Watu wengi hupita hapo wakienda kisimani, mnadani au shambani. Wachache husimama na kusoma.

Mtu asiyejua kusoma husubiri kuambiwa habari. Anayemwambia huenda akasahau, akapunguza au akaongeza. Wewe sasa unajua kusoma. Huhitaji tena kuambiwa. Katika somo hili tutajifunza habari zinazobandikwa kwenye ubao, watu wanaoziandika, na kazi yako baada ya kuzisoma.

1. NANI NI NANI?

Zamani nchi ya Ntuzu, ambayo leo ndiyo Bariadi, ilikuwa chini ya mtemi. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika yote. Leo tunaongozwa na serikali yenye ngazi mbalimbali.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na mambo ya mkoa yalifuatwa huko. Leo makao makuu ya mkoa yako hapa Bariadi. Mkoa una wilaya 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Una halmashauri 6, kwa sababu Bariadi ina halmashauri mbili: ya Mji na ya Wilaya.

Viongozi na watumishi hawa hawafanani. Wako wa namna tatu.

Wa kwanza ni wale tuliowachagua kwa kura. Hao ni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, na diwani wa kata.

Wa pili ni wale walioajiriwa. Hao ni mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mwalimu, mganga wa zahanati na bwana shamba. Wanalipwa mshahara kwa fedha za umma. Kwa hiyo huitwa watumishi wa umma.

Wa tatu ni wale walioteuliwa na Rais. Hao ni Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri.

Kwa nini tujue tofauti hii? Kwa sababu tukiijua tutajua swali letu tulipeleke kwa nani. Uliyemchagua, unamuuliza kwenye mkutano, na uchaguzi ukifika unaweza kumwacha. Mtumishi aliyeajiriwa ana mkubwa wake wa kazi. Mtendaji wa kijiji akikosea, Mkurugenzi wa Halmashauri ana wajibu wa kumuuliza.

2. MKUTANO NI WETU

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kwamba kila kijiji kina Mkutano Mkuu. Wenye mkutano huo ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Sheria haisemi wanaume tu. Haisemi wenye ng'ombe wengi tu. Mama mjane mwenye shamba dogo la pamba ana nafasi sawa na tajiri wa mifugo.

Mkutano Mkuu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Maana yake ni mara nne kwa mwaka. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inatakiwa kukutana kila mwezi.

Mkutano Mkuu una uwezo mkubwa. Unachagua mwenyekiti na wajumbe. Unapokea taarifa ya fedha. Katika mambo ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Kwa hiyo ukisikia kwamba eneo la malisho au ngitili ya kijiji limegawiwa, uliza: mkutano ulikubali lini? Muhtasari uko wapi?

3. KARATASI YA FEDHA

Sasa tutazame karatasi moja. Huu ni mfano wa kujifunzia. Kijiji cha mfano kinajenga darasa. Ni mwezi wa Agosti, pamba imekwisha kuuzwa, na wananchi wamechanga. Kwenye ubao imeandikwa hivi:

MAPATO
Michango ya wananchi: sh. 1,240,000
Kodi ya vibanda: sh. 310,000
Faini: sh. 50,000
Jumla: sh. 1,600,000

MATUMIZI
Saruji mifuko 40 kwa sh. 20,000: sh. 800,000
Mchanga na mawe, safari 6 kwa sh. 60,000: sh. 360,000
Malipo ya fundi: sh. 200,000
Jumla: sh. 1,460,000

BAKI: sh. 140,000

Simama hapa, ndugu mwanakisomo. Chukua kalamu. Jumlisha mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma.

Katika kijiji hicho alikuwako mama mmoja mkulima. Yeye naye alijifunza kusoma ukubwani. Alisimama mbele ya ubao na ndoo yake kichwani. Kisha akaitua. Akanakili tarakimu zote kwenye daftari lake la kisomo. Jioni, karibu na taa, alijumlisha mapato. Yakatoka sawa. Akajumlisha matumizi: 800,000 na 360,000 na 200,000. Akapata 1,360,000. Akarudia mara ya pili, na mara ya tatu. Jibu likawa lile lile.

Ubao ulisema 1,460,000. Palikuwa na tofauti ya shilingi 100,000.

Mumewe akamwambia, "Mama, acha. Watu watasema unamwita mtendaji mwizi."

Mama akajibu, "Simwiti mtu mwizi. Mimi nimejumlisha tu. Tulitoa mchango kwa kuuza kuku. Nataka kujua."

4. SIKU YA MKUTANO

Siku ya mkutano watu walikaa chini ya mti. Mtendaji alisoma taarifa, wote wakanyamaza. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mama akanyosha mkono.

"Ndugu mwenyekiti, shikamoo, na wazee wote shikamooni."

"Marahaba, mama. Sema."

"Ninaomba kusaidiwa hesabu. Saruji, mchanga na fundi vinafanya shilingi milioni moja, laki tatu na elfu sitini. Jumla iliyoandikwa imezidi kwa laki moja. Laki hiyo ilifanya kazi gani?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Swali ni zuri. Mtendaji atujibu."

Mtendaji alifungua jalada lake. Akatafuta, akatoa stakabadhi moja. Ilikuwa ya gari lililobeba saruji kutoka mjini: shilingi 70,000. Akakiri kwamba alisahau kuandika mstari wa usafiri kwenye karatasi. Stakabadhi ikapita mikononi mwa watu, wakaisoma.

"Tumeona sabini elfu," mama akasema. "Na elfu thelathini?"

Kwa hiyo thelathini elfu hapakuwa na karatasi. Mtendaji alisema zilikuwa za vibarua walioshusha mifuko, lakini hakuwa na majina yao wala sahihi zao.

Mkutano haukumtukana. Mkutano uliamua mambo matatu. Kwanza, karatasi ya ubaoni iandikwe upya pamoja na mstari wa usafiri. Pili, kamati ya fedha na mipango iwatafute hao vibarua na kuwauliza. Wakikosekana, mtendaji arudishe fedha hizo na kuandikiwa stakabadhi. Tatu, tangu siku hiyo kila atakayelipwa aweke sahihi. Maamuzi yote matatu yakaandikwa katika muhtasari, nao ukasomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.

Elfu thelathini si fedha nyingi kwa kijiji. Lakini tazama: kwa bei ya mfano wetu, ni mfuko mmoja na nusu wa saruji. Zikipotea kila miezi mitatu, kwa mwaka mzima ni mifuko sita. Kwa miaka michache ukuta wa darasa hausimami, na watoto wetu wanaendelea kusoma chini ya mti. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukitoboa.

5. STAKABADHI

Ukitoa fedha yoyote ya kijiji au ya Halmashauri, dai stakabadhi. Siku hizi wakusanyaji wengi wa ushuru hutumia mashine ndogo inayotoa karatasi. Isome kabla ya kuondoka. Tazama mambo manne: tarehe, jina, kazi ya malipo, na kiasi. Kiasi kiwe sawa na ulichotoa. Kama umetoa 2,000 na karatasi inasema 1,000, sema hapo hapo.

Jua pia yale usiyodaiwa. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee wetu waliikimbia vichakani, ilifutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi wa mazao. Kwa mazao ya biashara kama pamba, mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Fedha hiyo huingia katika Halmashauri ili itumike kwa huduma za wananchi. Imetoka katika jasho la mkulima. Kwa hiyo mkulima ana haki ya kuuliza imekwenda wapi.

6. KAMA JIBU HALIPATIKANI

Fuata njia kwa utaratibu. Anza kwenye mkutano wa kijiji. Jibu likikosekana, nenda kwa mtendaji wa kata au kwa diwani wako. Likikosekana huko, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Andika tarehe, jambo lenyewe na kiasi cha fedha. Baki na nakala. Ukiombwa rushwa ili upewe huduma ya umma, toa habari TAKUKURU. Simu yao ya bure ni 113.

Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Usikubali kuambiwa, "Weka tu, tumekwisha kubaliana." Jibu kwa upole: "Ngoja nisome kwanza."

Na jambo la mwisho. Sheria za uchaguzi wa vijiji hutaka mgombea wa uenyekiti awe anajua kusoma na kuandika. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Wewe uliyeanza kwa kushika kalamu kwa shida, leo una elimu hiyo. Huenda safari ijayo wenzako wakakutaka wewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mapato: fedha zinazoingia.
Matumizi: fedha zinazotoka.
Baki: fedha zilizobaki baada ya matumizi.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha imelipwa.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyozungumzwa na kuamuliwa mkutanoni.
Mtumishi wa umma: mtu aliyeajiriwa kuwahudumia wananchi.

MASWALI

1. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kufanyika mara ngapi kwa mwaka?
2. Taja viongozi wawili wa kuchaguliwa na watumishi wawili wa kuajiriwa katika kijiji chako.
3. Karatasi ya ubaoni ilipoandikwa upya, mstari wa usafiri uliandikwa shilingi ngapi?
4. Vibarua wasipopatikana na fedha zikarudishwa, baki ya kijiji itakuwa shilingi ngapi?
5. Kwa nini mama hakusema, "Mtendaji ni mwizi"? Je, alifanya vyema?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya kisomo kijacho, nendeni wote kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Nakilini karatasi moja. Kama ni ya fedha, ijumlisheni pamoja darasani. Kama ubao ni mtupu, andikeni swali moja la kuuliza katika mkutano ujao: taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa lini? Chagueni mwenzenu mmoja alisome swali hilo mbele ya mkutano, na mwingine aandike jibu.