Mgeni Rasmi Asubiri Aya ya Nne

Fungua habari yoyote ya mahafali ya darasa la saba. Aya ya kwanza: mgeni rasmi amewataka wazazi kuchangia chakula cha wanafunzi. Aya ya pili: mgeni rasmi ameahidi mifuko ya saruji. Aya ya tatu: mwenyekiti wa kamati ya shule amemshukuru mgeni rasmi. Chini kabisa, mstari mmoja: hafla ilipambwa na burudani mbalimbali kutoka kwa wanafunzi. Hizo burudani mbalimbali ndizo zilizomtoa bibi wa mtoto kijiji cha pili asubuhi na mapema, kanga mpya begani. Hakuja kusikiliza habari za saruji.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Pamoja na vipindi vyangu, naandaa habari za shule kwa ajili ya wazazi: ukurasa mmoja unaobandikwa kwenye ubao wa matangazo, unaosomwa mstarini na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Walimu wa shule za jirani wamekuwa wakiniuliza naandikaje, maana wazazi wetu wanazisoma kweli, na zikichelewa wanauliza. Jibu langu ni fupi. Aya ya kwanza ni ya mtoto anayefanya kitu. Ya pili na ya tatu nazo ni za watoto na sanaa yao. Mgeni rasmi, awe diwani au mkuu wa wilaya, anasubiri aya ya nne. Hakuna mgeni aliyewahi kunilalamikia. Wanaolalamika ni watu wa itifaki.

Habari ya ngoma au kwaya haikusanywi siku ya shughuli. Siku hiyo spika zinakoroma, mshereheshaji anapaza sauti, upepo wetu unarusha vumbi na kupeperusha maturubai, na wewe mwalimu umeshapewa kazi ya kupanga viti. Nenda mazoezini. Alasiri vipindi vikiisha, kaa karibu na watoto ukiwa na daftari. Simu iache mfukoni kwanza. Ukiitoa tu wanaacha kupiga na kuanza kujipanga wapigwe picha.

Mazoezini ndiko nilikomwona mvulana wa darasa la tano akitengeneza sauti ya marimba yake, yale ambayo huku Ugogoni tunayaita ilimba. Alishika jiwe dogo akawa anaugonga ulimi wa chuma taratibu kuurudisha nyuma. Ulimi ukibaki mfupi sauti inapanda, ukivutwa mbele sauti inashuka. Aligonga, akapiga kwa kidole gumba, akasikiliza ameinamisha sikio juu ya ubao, akagonga tena. Kisha akafungua kiberiti, akatoa kipande cheupe cha utando wa buibui, akakibandika juu ya kitundu cha ubao. Bila utando huo ilimba italia, ila itakosa ule mvumo wa kukwaruza ambao mtu aliyekulia kwenye muziki huu anaungoja. Nilimuuliza nani alimfundisha. “Babu,” akasema. “Lakini utando natafuta mwenyewe.”

Hapo nilikuwa nimeshapata habari. Aya ya kwanza ikawa jiwe, ulimi wa chuma na utando, pamoja na maneno yake mwenyewe. Aya ya pili nikaweka jambo ambalo wazazi wengi vijana hawalijui: kwamba ilimba hiyohiyo ndiyo Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliyoizungusha kwenye majukwaa ya dunia, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa mwalimu na msanii kwenye chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Sikumfananisha mtoto naye. Mtoto wa darasa la tano akifananishwa na gwiji anabebeshwa mzigo asioutaka. Inatosha mzazi ajue kwamba yale machuma anayogonga mwanawe jioni si mchezo wa kumpotezea muda.

Maswali unayouliza yana uzito kuliko kalamu. Usimuulize mtoto anajisikiaje. Atakujibu “najisikia vizuri”, na utakuwa umeufunga mlango. Muulize sehemu gani ilimpa taabu. Muulize akikosea, nani anamwona kwanza. Msichana mmoja wa kwaya aliniambia anayemwona ni mdogo wake wa darasa la pili, ambaye huja mazoezini kwa sababu nyumbani hakuna mtu, na sasa anazijua nyimbo zote kuliko wanakwaya. Huwezi kupata jambo kama hilo kwa kumuuliza mtu anajisikiaje.

Kuhusu kwaya, andika ulichosikia. Nimepiga marufuku kwenye ukurasa wetu “ilitia fora”, “ilikonga nyoyo” na “nderemo na vifijo”, maana maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kwaya yoyote hata kabla haijaimba. Sema wimbo ulihusu nini na nani aliutunga. Mara nyingi ni mwalimu wenu mwenyewe, na ni haki yake kutajwa. Sema waliimba kwa sauti ngapi. Kama hujui muziki, kaa na mwalimu wa kwaya akuonyeshe. Mwaka mmoja habari yetu nzima ya kwaya ilikuwa juu ya wasichana wa darasa la nne waliopewa sauti ya pili. Mwanzoni mwa wiki kila walipofika kiitikio walivutwa na sauti ya kwanza wakaungana nayo. Mwalimu akawageuza wakaipa mgongo sauti ya kwanza na kutazama ukuta, na mwisho wa wiki walisimama wenyewe bila kuyumba. Wazazi waliosoma hivyo walikwenda kwenye shughuli wakijua cha kusikiliza. Kiitikio kilipofika niliona wanaume watatu wazima wakitegesha masikio upande wa kushoto, waliposimama wasichana wa sauti ya pili.

Ngonjera ndiyo inayoonewa zaidi, na hili linaniuma kwa sababu ni mali ya hapa kwetu. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikaenea mashuleni nchi nzima. Ngonjera ni mabishano ya kishairi. Habari inayosema “wanafunzi walighani ngonjera nzuri” bila kusema nani alibishana na nani, juu ya nini, na hoja ipi ilimwelemea mwenzake, ni sawa na habari ya mpira isiyotaja matokeo. Mimi huandika hoja ya kila upande kwa maneno yangu, sentensi mbili mbili, kisha naeleza nani alishangiliwa. Watoto wetu waliwahi kubishana kama binti wa darasa la saba apewe simu au asipewe. Upande wa “asipewe” ulishinda kwa makofi ya wazazi, upande wa “apewe” ukashinda kwa makofi ya wanafunzi, nami niliandika yote mawili.

Sasa aya ya nne. Usiijaze hotuba. Andika ahadi: nini, kiasi gani, lini, na nani kwenye kamati atafuatilia. Ahadi iliyobandikwa ubaoni inafuatiliwa. Iliyopigiwa makofi tu inaondoka na gari. Ukiandika hivi, hata mwalimu mkuu aliyekuwa na wasiwasi na utaratibu wako ataona faida yake.

Habari za mafanikio zina mtego wake. Kila mtu anataka kusikia nani wa kwanza. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na mimi nikaliona hilo kama ruhusa ya kuacha kuwapanga watoto kwa namba ubaoni. Ya mtihani wa darasa la saba nayaandika kwa jumla, na nawaeleza wazazi maana yake, kwa sababu wengi wanaona herufi tu: masomo ni 6, kila somo alama 50, jumla 300, na daraja A linaanzia alama 241. Kisha nasema wangapi walipata daraja lipi, mwaka uliopita ilikuwaje, na somo gani limetuangusha. Somo lililotuangusha naliandika bila kona. Mzazi anayesoma mazuri matupu kila muhula huacha kuamini hata yale ya kweli.

UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, nayo inahitaji maelezo. Mzazi anaambiwa mwanawe “amechaguliwa” na hajui amechaguliwa kwenda wapi. Andika ngazi zote: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kwaya na ngoma zimo humo pamoja na riadha na mpira. Andika kambi itakuwa wapi, ni mwalimu gani anaondoka nao, na mtoto abebe nini. Na wakitolewa kwenye ngazi ya wilaya, andika kwamba wametolewa. Andika pia walichofanya kabla ya kutolewa.

Picha. Mtoto akipiga ngoma, piga magoti ulingane naye, jua liwe nyuma yako. Wasichana wa muheme, ngoma ya Kigogo, hukaza ngoma kati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, kwa hiyo ukipiga picha umesimama utapata vichwa tu, na muziki wote uko mikononi. Video isizidi dakika moja. Wazazi wananunua bando kwa mawazo. Kabla ya yote hayo, pata ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sisi tuna fomu ya ukurasa mmoja ambayo mzazi huijaza mwanzoni mwa mwaka: picha ibandikwe shuleni, itumwe kwenye kundi la wazazi, au isipigwe kabisa. Kwenye karatasi ya ubaoni naandika jina la kwanza na darasa. Kwenye WhatsApp naacha hata hilo jina, maana ujumbe ukishatoka kwenye kundi hujui unalala simu ya nani. Kuna mzazi aliyekataa picha zote bila kutoa sababu. Usimuulize sababu.

Halafu kuna kufikisha. Kwenye kundi la WhatsApp habari inadumu robo saa, kisha inafunikwa na salamu za asubuhi njema na matangazo ya vifaranga. Kwa hiyo naituma jioni, watu wakiwa wametulia, na admin anafunga kundi hadi kesho yake. Wazazi wengi hapa bado wana simu za vitochi, na baadhi hawasomi. Kwao karatasi inakwenda nyumbani kwenye daftari la mtoto, na mtoto anaagizwa aisome kwa sauti. Hii imenipa faida ambayo sikuitegemea: watoto wa darasa la tatu wanapambana kusoma kwa sababu habari inamhusu dada yao. Kwenye mkutano wa wazazi, kabla ya ajenda, mwanafunzi anasoma habari za muhula mzima. Ni dakika chache tu, na ndizo dakika pekee ambazo wazazi wa nyuma hawazungumzi.

Hata hivyo mwalimu mmoja hawezi kuwa mazoezini kila siku, na ukihamishwa kazi inakufa. Wape watoto kalamu. Mimi huchagua wawili wa darasa la tano, si lazima wenye Kiswahili kizuri. Natafuta wenye udadisi. Wanakaa mazoezini, wanauliza yale maswali, wananiletea daftari. Nawasahihisha tahajia na kuwaachia sentensi zao. Somo la Sanaa na Michezo kwenye mtaala ulioboreshwa linakupa pa kuanzia, hivyo hakuna atakayekuambia unawapotezea muda.

Na msisubiri. Mtaala huo ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka 7 hadi 6. Walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la mtaala wa zamani nalo linamaliza. Madarasa mawili yataaga pamoja, na kwaya, ngoma na ngonjera zitakuwa nyingi kuliko tulivyozoea. Walimu wenzangu, watafuteni waandishi wenu wadogo muhula huu.