Mtoto Anajifunza Nini Katika Nasari ya Kanisa?



Kila mwaka nasari zikifunguliwa wazazi huulizana: "Huyo wako ameshaanza kuandika?" Muhula ukiisha na daftari iko tupu, mzazi hukasirika, pengine hata anamhamisha mtoto apelekwe kule kwenye Kiingereza kingi. Somo letu ni hilo. Karo tunayolipa hapa Nyakoe ni jasho la ndizi na majani chai, na ni haki tujue inalipia nini.

Fungueni Luka 2:52. Pale tunaambiwa Yesu alikua kwa hekima, kwa kimo, na katika kupendwa na Mungu na watu. Nasari ya Kikristo inashughulikia hayo yote manne. Kuandika ni kipande kidogo tu cha lile la kwanza.

Chukua hesabu. Mwalimu mzuri hana haraka ya ubao. Anawapa watoto vifuniko vya soda, punje za mahindi, vijiti. Mtoto anapanga kumi, anatoa tatu, anaona mwenyewe zimebaki saba. Yule anayeimba moja hadi mia bila kushika kitu amejua wimbo, hesabu bado. Vilevile kufinyanga udongo na kusuka nyuzi za mgomba hutia vidole nguvu, na vidole vikishapata nguvu penseli haisumbui. Kwa hivyo mtoto akirudi na matope, usimgombeze mwalimu!

Lugha ndiyo inaleta ubishi. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, unataka watoto wa nasari hadi gredi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi. Kwetu ni Ekegusii. Penye mchanganyiko wa watu, Kiswahili. Mtoto akihesabu emo, ibere, isato, anaelewa kile anachohesabu, na Kiingereza anaongezewa pole pole. Wako wanaosema huko ni kurudi nyuma. Mimi sikubali. Mtoto wa miaka minne akikatazwa lugha anayoongea na nyanya yake, anakaa kimya siku nzima, na mwalimu hawezi kujua kama ameelewa au la.

Na dini je? Mistari ya kukariri iko, lakini si hiyo tu. Mtoto anaomba kabla ya uji, ananawa mikono, anangoja zamu yake, anajifunza kusema "nisamehe" na kuigiza hadithi ya Msamaria mwema. Zaidi anamtazama mwalimu. Mwalimu akitoka kwenye sala akashika kiboko, watoto watakumbuka kiboko. Tena viboko vilipigwa marufuku shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Sasa upande wetu. Nasari nyingi nchini zilijengwa kwa harambee baada ya uhuru, na akina mama walibeba mzigo mkubwa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya elimu ya awali, lakini katika nasari ya kanisa mara nyingi mwalimu bado anategemea karo. Karo ikichelewa miezi miwili, anatafuta kibarua cha kuchuma chai, na watoto wanabaki na mpishi. Hapo hata mtaala uwe mzuri namna gani, hakuna anayefundishwa. Kikundi kinaweza kusaidia bila pesa nyingi: debe la wimbi kwa ajili ya uji, ukindu wa mikeka, siku moja ya kurekebisha choo kiwe cha kimo cha mtoto.

Mjadiliane kikundini:

Mara ya mwisho tulipoenda nasari, tuliuliza nini zaidi ya karo? Watoto wana vitu gani vya kushika na kuhesabu? Mwalimu wetu alilipwa lini, na nani kati yetu bado ana deni?