Darsa la Ramadhani, siku ya 12: Moyo ukizidiwa, mwambie mtu



Leo nilipanga tuendelee na mambo yanayobatilisha swaumu. Tutayarudia kesho in shaa Allah, kwa sababu kuna swali limenifikia mara tatu wiki hii. Kaka mmoja alibaki msikitini baada ya tarawehe, mama mmoja alinisimamisha njiani, na kijana mwingine aliniandikia saa tisa usiku, wenzake wakijiandaa kula daku. Wote waliuliza jambo moja: Sheikh, nafunga, naswali, nasoma Qur'ani, lakini kifua kimebana na machozi yanatoka bila sababu. Je, imani yangu imeharibika?

Hapana, ndugu yangu. Tena tuko ndani ya mwezi ulioteremshwa Qur'ani, basi tukumbuke ilivyoanza kuteremka.

Mtume (S.A.W.) alikuwa na umri wa miaka 40, yuko peke yake katika pango la Hira, nje ya mji wa Makka. Jibril (A.S.) akamjia, akambana mara tatu mpaka akaishiwa nguvu. Mtume akashuka mlimani huku moyo unatetemeka. Alikwenda wapi? Alikwenda nyumbani kwa mkewe, Bi Khadija (R.A.), akaomba afunikwe. Akafunikwa mpaka hofu ikamtoka, ndipo akasimulia yaliyomkuta, na akamwambia wazi kwamba ameihofia nafsi yake.

Kiumbe bora kuliko wote alisema "naogopa" kwa maana yake, na wala haikumpunguzia kitu.

Sasa mtazame Bi Khadija, maana hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Hakumhoji mlangoni wala hakumwambia jikaze wewe ni mwanamume. Alimfunika kwanza. Aliposikia habari yote akamkumbusha wema wake: anaunga udugu, anabeba mizigo ya wanyonge, anakirimu wageni, na mtu wa namna hiyo Mwenyezi Mungu hawezi kumfedhehesha. Kisha akaona jambo hili limezidi ujuzi wake, akaenda naye kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee aliyekwisha kupofuka, mjuzi wa vitabu vya kale. Alikwenda NAYE. Hakumwelekeza njia akabaki nyumbani.

Nasema haya nikijisuta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma alinijia muumini mmoja (ameniruhusu kusimulia, jina ni amana). Biashara imekufa, usingizi hana, chakula hakipiti. Nilikuwa na haraka ya kuwahi darsa. Nikamwambia, fanya subira, zidisha adhkari, Allah atafungua. Maneno ni ya kweli. Lakini niliyasema nimesimama, funguo mkononi, na yeye aliona kwamba nataka aondoke. Baada ya hapo hakuonekana msikitini karibu miezi miwili.

Aliyemsaidia ni dada yake mkubwa. Alikwenda kumchukua, akamkalisha jikoni, akampikia uji, akamwacha aseme mpaka amalize. Asubuhi wakapanda daladala pamoja hadi hospitali ya wilaya. Daktari akamwambia hii ni sonona, ni maradhi, na ina matibabu. Aliporudi msikitini aliniambia, "Sheikh, dada hakunisomea hata aya moja." Hakusema kwa ubaya, lakini nilikosa pa kuweka uso.

Na huo uji msiudharau. Bi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema unautuliza moyo na kuondoa sehemu ya huzuni.

Najua kuna atakayeuliza: mbona Nabii Yaaqub (A.S.) alisema huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake? Ni kweli. Lakini angalia alikuwa anajibu kina nani. Ni wanawe, waliokuwa wanamlaumu kwa kumlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe kwa huzuni. Na hapo hapo akawaambia waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mola. Yaani alimlilia Allah usiku na bado akatuma watu kwenda kutafuta. Kumlalamikia Mola wako mbele ya watu ni jambo moja. Kumwambia ndugu yako "nimezidiwa, nisaidie" ni jambo jingine kabisa, na tusiyachanganye.

Basi wewe uliyebanwa leo, chagua mtu mmoja tu. Si lazima awe sheikh. Mwambie kabla ya futari ya leo, hata kwa sentensi moja. Kama unatumia dawa za hospitali, usiziache kwa ajili ya funga bila kuongea na daktari. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'ani yenyewe. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usilale peke yako usiku huu. Mwamshe mtu, mwende hospitali. Hakuna atakayekupimia imani kwa hilo.

Na wewe unayeambiwa, weka simu chini, kaa.

Kuanzia leo baada ya tarawehe nitakuwa barazani mpaka saa tano usiku, sina haraka. Akina mama, ustadha yupo chumba cha madrasa kila siku baada ya Alasiri. Ukimjua mwenzako aliyezidiwa, usinitumie namba yake. Njoo naye.

Wabillaahi tawfiiq.