Nimnyonyeshe nikiwa kwenye kemo?

SWALI: Daktari, niligunduliwa saratani ya titi nikiwa na mimba ya miezi sita. Nimejifungua salama Thika Level 5, na kemo inaendelea wiki ijayo. Mama mkwe anasisitiza ninyonyeshe. — Mama, Ruiru

JIBU: Hongera, mama! Saratani haiambukizwi kwa maziwa. Shida ni dawa za kemo: huingia kwenye maziwa, kwa hivyo usinyonyeshe. Usibishane na mama mkwe. Nenda naye kliniki asikie mwenyewe.

Mpe mtoto maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa kikombe kidogo, maana chupa ni ngumu kusafisha. Fuata vipimo vya kopo. Najua bei yake inauma, lakini kuyazimua ili yafike mwisho wa mwezi humdhoofisha mtoto. Kumpakata kifuani, ngozi kwa ngozi, unaruhusiwa kabisa.

Chanjo zake ziendelee kama zilivyo kwenye kijitabu cha kliniki. Nepi mwachie baba, maana virusi vya chanjo za matone hutoka kwenye kinyesi cha mtoto, na kemo hushusha kinga yako.

Kwa sababu hiyohiyo ya kinga, ukipata homa ya nyuzi 38, usimeze Panadol ukangoja asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo. Kutoka Ruiru, ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko karibu kuliko Thika, na inatibu saratani.