Kakao, nanasi na karanga: vitamu vya kucheza jikoni

Shule zikifunga mwanzoni mwa mwezi wa saba na watoto wakirudi na matokeo ya proklamasioni, kila nyumba ya Butembo na Beni hutafuta kitu kitamu cha kuwapa. Wengi hukimbilia butiki, kwenye biskuti na pipi zilizopita mpakani Kasindi zikitoka Uganda, au zilizosafiri kutoka mbali zaidi. Maswali haya yametoka kwa wale wanaotaka kutengeneza vitamu wenyewe, watoto wakiwa na mikono ndani ya unga. Anayejibu ni mpishi wa keki wa Butembo.

Mama Mpishi, keki yangu huumuka vizuri, halafu katikati inabonyea. Dada yangu wa Beni anatumia vipimo vilevile na yake haibonyei. Nimekosea wapi?

Hujakosea, Mama. Mlima ndio uliokosea. Butembo iko juu ya mita 1,700. Beni, ingawa kwa barabara ni kilomita hamsini na kitu tu, iko chini yetu kwa zaidi ya mita 500. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu ya hamira hupanuka haraka. Keki inapanda kabla unga na mayai havijashikana, na ikifika juu haina cha kuishikilia.

Punguza hamira ya keki kwa robo: penye vijiko vidogo vinne tia vitatu. Toa kijiko kikubwa kimoja cha sukari katika kila kikombe, ongeza vijiko viwili au vitatu vya maziwa, na kama una yai la ziada, litie. Dada yako abaki na vipimo vyake. Vitabu vingi vya upishi huandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, sisi tunavisoma mlimani.

Nuga ya karanga inanishinda. Mara inakuwa mchanga, mara inanata meno. Maelezo niliyopata yanasema sukari ifike nyuzi 150, nami sina kipimajoto.

Na hata ungekuwa nacho, namba hiyo ingekudanganya. Butembo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Beni kwenye 96. Shira ya sukari nayo hushuka vivyo hivyo: panaposemwa 150, Butembo utoe karibu 6. Ukisubiri 150 kamili, utakuwa umepitiliza.

Tumia bakuli la maji baridi. Dondosha tone la shira ndani. Likitengeneza kidonge laini kinachobonyea kwa vidole, bado sana. Kidonge kikiwa kigumu, endelea. Tone likigeuka uzi unaokatika kwa mlio, shira imefika. Nuga inayonata meno iliepuliwa mapema, hakuna siri nyingine.

Kuhusu mchanga: sukari hurudi kuwa chembe kwa sababu ya kukorogwa ikichemka, au kwa sababu ya chembe zilizoganda kwenye kingo za sufuria na kuanguka ndani. Glasi moja ya sukari, vijiko vitatu vya maji, matone machache ya ndimu. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha toa mwiko uache moto ufanye kazi. Pangusa kingo kwa kitambaa kilicholowa. Ikipata rangi ya asali, mimina glasi moja na nusu ya karanga zilizokaangwa na kutolewa maganda, zikiwa bado na moto. Karanga baridi hugandisha sukari kabla hujaichanganya. Mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta pia, na ukate ingali vuguvugu. Ikishapoa haikatiki, inavunjika tu.

Karanga uzichague kwanza, moja moja, na hii ndiyo kazi ya watoto. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye rangi ya ajabu itupwe. Ukungu wa karanga una sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote.

Baba yangu analima kakao upande wa Mbau. Wanangu wanalalia magunia ya kakao lakini chokoleti wameiona kwenye picha. Je, inawezekana kuitengeneza nyumbani?

Inawezekana, Baba, na swali lako ndilo nililokuwa nikilisubiri. Kakao ya Mbau, Oicha na Watalinga inavuka mpaka kwa malori, na mwaka 2024 bei yake duniani ilipita dola 10,000 kwa tani. Wapo hata wasiofika tena mashambani mwao kwa sababu ya vita. Mtoto wa mkulima anastahili kujua ladha ya kitu ambacho watu wanakihatarishia maisha. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa Mbuga ya Virunga, kwa hiyo usiambiwe kwamba chokoleti ni jambo la Ubelgiji peke yake.

Anza na kakao iliyochachushwa na kukaushwa. Usijaribu kuchachusha kilo moja nyumbani: uchachushaji unahitaji rundo kubwa, lifunikwe kwa majani ya migomba au liwekwe kwenye masanduku ya mbao siku tano hadi saba, lipate joto lake lenyewe la nyuzi 45 na zaidi. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapozaliwa. Pasua punje moja iliyokauka: ikiwa ndani ni zambarau tupu na ngumu kama kokoto, haikuchachuka, itakuwa chungu tu. Ikiwa ya kahawia na ina nyufa nyufa, ni nzuri.

Kaanga punje kwenye kikaango kizito, moto mdogo, ukigeuza bila kupumzika kwa dakika 20 hadi 25. Maganda yataanza kulia na harufu itawaita majirani. Acha zipoe kidogo, watoto wazimenye kwa vidole, halafu mpepete kwenye ungo nje ya nyumba. Nimeona watoto wakigombea ungo.

Kusaga ndiko kunakochosha. Zaidi ya nusu ya punje iliyomenywa ni mafuta, kwa hiyo kwenye kinu kilichopashwa moto unga utageuka uji mzito wenyewe. Mashine inayosaga karanga inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, mradi mwenye mashine akubali. Hautakuwa laini kama wa dukani. Kiwandani huisaga kakao mpaka ulimi usihisi chembe, kisha huikoroga kwa saa nyingi. Sisi tutahisi chembe, na hakuna ubaya.

Sasa mchezo. Twanga sukari iwe unga, uchanganye sehemu tatu za kakao, mbili za sukari na moja ya maziwa ya unga. Usitie hata tone moja la maji: tone dogo hugandisha kakao yote iwe kama udongo mkavu. Acha mchanganyiko upoe mpaka ushikike, watoto wafinyange vidonge, wavigaragaze kwenye karanga zilizosagwa au maziwa ya unga. Usihangaike na vipande virefu vinavyong'aa. Mafuta ya kakao huanza kulegea kabla ya nyuzi 34, na mchana wa jua kali Beni unaweza kuyalegeza. Vidonge havihitaji kung'aa.

Nimenunua jelatini, nikachanganya na juisi ya nanasi ya Beni, nikaweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi bado ni juisi. Nimeuziwa bandia?

Hapana, mdogo wangu. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokata protini, na jelatini ni protini. Papai hufanya vivyo hivyo. Chemsha juisi dakika chache kwanza, iache ipoe kidogo, kisha tia jelatini, itashika. Ukiwa na wageni Waislamu, soma kwenye paketi imetoka kwa mnyama gani.

Lakini mimi ningekuambia uache paketi, ununue mapera. Yana kigandishi chake chenyewe, hasa yakichanganywa na machache ambayo hayajaiva sana. Yachemshe, yachuje mbegu, pima sukari sawa na rojo, kamulia ndimu, upike ukikoroga mpaka rojo liachane na sakafu ya sufuria. Tandaza kwenye sinia lenye mafuta, acha likauke siku moja au mbili mahali pasipo na nzi. Watoto wakate kwa vifuniko vya chupa, kwa vikombe vya dawa vilivyooshwa, kwa chochote chenye umbo. Hakuna friji, na umeme ukikatika hakuna kinachoharibika.

Rangi za unga za sokoni zinanitia wasiwasi. Nyumbani kuna nini?

Beterave za milimani Lubero zinatoa waridi. Zikwangue, zikamue, na utie maji yake mwishoni, pamoja na ndimu, kwa sababu moto unayafifisha. Karoti na manjano vinatoa njano. Manjano kidogo sana, la sivyo keki itanukia mchuzi. Lengalenga au spinachi iliyotwangwa hutoa kijani, na amini, katika keki ya ndimu hakuna mtoto atakayehisi mboga. Buluu sina. Waambie anga la keki hii ni la mvua.

Tunaweza kupika nini ambacho mtoto wa miaka saba atakifanya karibu peke yake, bila tanuri?

Mandazi ya okapi. Mnyama huyu anaishi katika nchi yetu peke yake, na wengine wamewahi kuonekana katika msitu wa Virunga upande wa Watalinga. Haifai mtoto wa Beni amchore simba wa katuni na okapi asimjue.

Vikombe vinne vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kijiko kidogo kimoja na nusu cha hamira ya mikate, kijiko kikubwa cha siagi, kikombe kimoja na robo cha maziwa vuguvugu. Kanda, gawa mara mbili. Nusu moja iongezee vijiko vikubwa viwili vya kakao na kijiko cha maziwa. Acha madonge yote mawili yaumuke, Butembo huumuka haraka, kwa hiyo litazame donge, usitazame saa. Mwili wa okapi ni wa donge la kakao. Kwa miguu na makalio yenye milia, mtoto asokote vijiti vyembamba vya rangi mbili na kuvibandika sambamba. Baadhi watafanana na mbuzi. Kaanga wewe, si yeye, mafuta yakiwa yanatoa mapovu kuzunguka kijiti cha mti ulichochovya. Donge la kakao haliwezi kukuonyesha limeiva kwa rangi, kwa hiyo tangulia na andazi jeupe, uhesabu muda wake.

Watoto wadogo sana washiriki?

Washiriki kwenye unga, si kwenye sukari ya moto. Shira inaunguza kuliko maji yanayochemka, na inanata kwenye ngozi. Ikitokea, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha kituo cha afya. Si dawa ya meno, si mafuta. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka minne, anaweza kupaliwa, zisage. Asali asipewe wa chini ya mwaka mmoja.

Nataka kuuza nuga mlangoni mwa shule. Siku ya pili inakuwa imelowa. Nifanye nini?

Sukari inavuta unyevu wa hewa, na msimu wa mvua ni adui yako. Funga kila kipande kwenye karatasi mara tu kinapopoa, usisubiri jioni, na uweke kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko kinachobana. Tengeneza kiasi cha siku moja au mbili tu. Iliyoanza kunata usiiuze: itwange na kuinyunyiza juu ya ndizi mbivu zilizokaangwa, na hizo uziuze zikiwa za moto.