Kumuuguza Mwenye Parkinson: Anza na Watu Watano

Daktari wa Hospitali ya Bugando ataonana na baba yako mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote zinabaki kwako na kwa majirani. Kwa hiyo wapange majirani mapema, mgongo wako ungali mzima.

Kwanza, waeleze watu. Huku kwetu mtu mzima akitetemeka mkono, uso ukawa mkavu, wapo watakaosema karogwa. Wapo watakaosema mchawi ni yeye, na vikongwe wa Usukumani wameumia kwa maneno hayohayo. Nenda kwa balozi na mwenyekiti wa kitongoji. Sema kwa kifupi: ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, hauponi, ila dawa zinamtuliza. Kijiweni watajie bondia Muhammad Ali. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1980, akagunduliwa na ugonjwa huu mwaka 1984, na mwaka 1996 akawasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono unatetemeka. Hapo watakuelewa haraka kuliko ukileta hotuba.

Sasa tafuta watu watano. Wawili wa kushinda naye ukienda shamba. Mmoja mwenye bodaboda. Kijana mmoja wa kufuata dawa mjini. Na mmoja wa kukusikiliza wewe. Wapate kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye kikoba au kwenye kwaya.

Kila mmoja mpe siku na saa. "Nikikwama nitakuita" haimfungi mtu. Sema hivi: "Mayu, Jumanne na Ijumaa saa tatu mpaka saa sita ukae na baba." Kulimiana kwa zamu tulikuta wazee wanafanya. Hii ni zamu ileile, jembe tu halipo.

Dawa zinakwenda kwa saa. Akipewa levodopa, dirishani wataandika 1x3. Usiondoke bila kuuliza saa kamili. Ziandike kwenye kadi, ibandike ukutani ili kila mwenye zamu aione. Kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa sababu samaki, nyama na maharage huizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Usimnyime sangara. Msogezee tu saa ya kumla.

Zikibaki za siku kumi, kijana wako apande daladala pale Kisesa akafuate nyingine mjini. Dawa hizi hazikatwi ghafla hata siku moja.

Kwenye kadi hiyohiyo andika kwa herufi kubwa: ANA PARKINSON. Ionyeshe kila zahanati na kila duka la dawa. Metoclopramide ya kuzuia kutapika, au haloperidol, inaweza kumkakamaza zaidi. Na ukisikia kwamba mbegu za upupu zina levodopa, ni kweli zinayo. Lakini kipimo chake hukijui. Mwulize daktari kwanza, usichanganye.

Ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo? Uliza kwa mtendaji kuhusu matibabu ya bure ya wazee kabla hujauza mbuzi.

Sasa miguu, na hapa Bujora, Usukumani, tuna bahati ya ngoma. Mgonjwa anafika mlangoni, nyayo zinaganda kama zimegundishwa. Usimvute, ataanguka. Mwambie asimame, avute pumzi, ahamishie uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu weka mguu wako mbele ya wake, au chora mstari wa chaki, apige hatua kuuvuka. Utashangaa.

Mdundo nao unafanya kazi hiyohiyo. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walihesabu wagonjwa nyumba kwa nyumba wakakuta wengi hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Baadaye baadhi yao walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo, na mwendo ukawa bora. Brooklyn, Marekani, wenye Parkinson wanacheza dansi darasani tangu mwaka 2001. Sisi ngoma tunazo tayari, na vijana wa kuzipiga tunao. Waombe wanaojiandaa na sikukuu ya ngoma ya Bulabo ya Juni wakupe nusu saa, jioni mbili kwa wiki.

Waanze polepole. Mzee aanze akiwa amekaa: apige makofi, ainue goti. Kisha asimame, watu wawili pembeni. Mpigieni ngoma ya Bugobogobo aliyoicheza ujanani, mwili wake bado unaikumbuka. Haya si mashindano ya vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu, kwa hiyo mtu asiongeze kasi. Panga saa ambayo dawa imeshakolea.

Nyumbani ondoa mkeka unaoteleza na mawe ya njia ya chooni (kilima chetu mawe hayaishi, najua). Kata tundu kwenye kiti imara, kiweke juu ya shimo la choo, chimbia nguzo pembeni ashike. Funga kamba miguuni mwa kitanda ajivute kuamka. Akila, akae wima, tonge dogo, na redio izimwe ili asipaliwe.

Halafu wewe. Chukua siku moja kwa wiki, nenda sokoni, nenda ukasukwe, kaa na wenzako mcheke. Na ukijikuta unamfokea baba kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, jua zamu yako imekuwa ndefu. Tafuta mtu wa sita.