Moto wa Gesi Nyumbani: Nani Anaulinda?

Kimali na vijiji vya jirani familia nyingi bado hupikia kuni, mkaa, mabua au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wake huumiza macho na mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani. Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka 10, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ndiyo maana mitungi ya gesi inaingia majumbani. Mgeni huyu ana faida, lakini yafaa tumjue tabia yake.

1. Gesi ni kitu gani?

Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa hata ikawa kimiminika. Lita 1 ya kimiminika hicho ikivuja hutoa gesi lita 250 hivi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na pembe za nyumba. Kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya unayoisikia imetiwa makusudi ili ikuonye.

2. Moto unaojilinda

Katika nchi za baridi watu huota moto wa gesi sebuleni. Siku hizi wengine huuwasha na kuuzima kwa simu. Kompyuta ndogo hutuma amri kwa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, nayo rilei hufungulia gesi.

Lakini chini ya amri hizo yupo mlinzi mwingine. Pembeni mwa moto mkubwa kuna mwali mdogo, nao huchoma ncha ya nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa. Joto hilo huzaa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia koki ya gesi isijifunge. Mwali ukizimika, ncha hupoa, umeme hukoma, na springi huifunga koki. Fundi mwenye akili huweka rilei upande wa amri tu. Mlinzi huyu hamgusi kamwe.

Baadhi ya majiko ya kupikia yanayouzwa nchini yana mlinzi wa namna hiyo. Utamtambua hivi: ukiwasha, inabidi ubonyeze kitufe sekunde chache kabla moto haujashika. Unaponunua jiko, uliza.

3. Je, tujitengenezee wenyewe?

Vijana wetu mafundi wanaweza kufunga rilei kwenye taa au pampu ya maji. Kwenye jiko la gesi wasijaribu, kwa sababu hizi:

(a) Amri inaweza kufungulia gesi pasipo moto wa kuiwasha. Chumba hujaa gesi bila mtu kujua.

(b) Rilei ikifunga au kufungua hutoa cheche ndogo. Penye gesi iliyovuja, cheche hiyo yatosha kulipua.

(c) Umeme hukatika na kurudi. Chombo cha ovyo kinaweza kurudi kikiwa kimefungulia gesi.

(d) Aliye mbali haoni kama mtoto amesimama karibu na jiko.

Kanuni ni hii: mashine inaweza kusaidia kuzima moto, lakini wa kuuwasha ni mtu aliyesimama mbele yake. Na umeme ukikatika, gesi lazima ijifunge.

4. Hewa ya sumu isiyo na harufu

Moto wowote usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Jiko la mkaa ndilo la hatari zaidi. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wote wa nyumba wakiugua hivyo kwa pamoja, msidhani ni malaria tu. Tokeni nje upesi, kisha mwende hospitali, hata kama mnajisikia nafuu.

Msilale kamwe na jiko la mkaa chumbani, hata usiku wa baridi. Moto wa gesi unaowaka vizuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, fungua madirisha na umwite fundi.

5. Ukisikia harufu ya gesi

- Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, wala usitumie simu humo ndani.
- Funga koki ya mtungi kama unaweza kuifikia salama.
- Fungua milango na madirisha, toa watu wote nje.
- Ukiwa mbali na nyumba, piga simu 114, Zimamoto.

Mtungi usimame wima, mahali penye hewa. Pakaa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakichemka, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Nani kwetu anajua kufunga koki ya mtungi? Je, watoto wakubwa wamefundishwa?
2. Jiko letu huzimwa wapi kabla ya kulala?
3. Mpira wa gesi una nyufa? Ulibadilishwa lini?